Uzazi wa kwanza: saa ndefu kabla ya sentimita 5

"Ameanza tangu jana alasiri, nesi. Mpaka sasa sentimita 2 tu?"

Swali hili tunalisikia karibu kila zamu katika wodi za wazazi hapa Dar es Salaam. Anayeuliza mara nyingi ni mama mzazi au shangazi, kapakata beseni lenye khanga, macho hayajapata usingizi. Binti mwenyewe, mimba yake ya kwanza, ameegemea ukuta kainamisha uso, kana kwamba amepewa kazi ikamshinda.

Mama, hakuna kilichokushinda. Katika mimba ya kwanza mlango wa kizazi una kazi mbili, na huzifanya kwa zamu. Kwanza hulainika na kuwa mwembamba, kisha ndipo hufunguka. Kwa aliyekwisha kuzaa, kazi hizo huenda pamoja, ndiyo maana jirani yako wa mtoto wa tatu aliingia leba asubuhi na adhuhuri akawa ananyonyesha. Wewe unaweza kuumwa usiku kucha, hata zaidi, na mkunga akikupima bado akute mlango umefunguka sentimita 2 au 3 tu. Uchungu wako ni wa kweli na kazi inafanyika. Ila kulainika hakuhesabiwi kwa sentimita.

Hata sisi wataalamu ilituchukua miaka kulikubali hilo. Mwaka 1955 daktari Emanuel Friedman wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wanawake 500 waliozaa kwa mara ya kwanza, na kutokana na kazi yake ikazoeleka kwamba mlango hufunguka walau sentimita 1 kila saa. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliofanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakatengeneza chati yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue mapema nani wa kupewa rufaa. Ndiyo patografu yetu, na ninaiheshimu. Lakini kipimo cha sentimita 1 kwa saa kiliwabana wanawake wengi wenye afya njema ambao mwili wao huenda taratibu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu kamili huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na kwa mzazi wa kwanza safari ya kutoka hapo mpaka 10, yaani mlango ukiwa umefunguka wote, kwa kawaida haizidi saa 12. Kipindi cha kabla ya 5 hakikuwekewa muda, kwa kuwa wanawake hutofautiana mno.

Ni katika kipindi hicho ndipo familia huingiwa na hofu, na hofu huleta kikombe. Dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu hupitishwa chini ya khanga kwa nia njema kabisa, na mpitishaji ni mtu anayempenda binti kuliko sisi. Naomba mnisikilize hapa. Mtoto hupata hewa kupitia damu inayofika kwenye kondo, na damu hiyo hupita vizuri pale kizazi kinapolegea kati ya uchungu mmoja na mwingine. Dawa ikikaza kizazi bila kukiachia, mtoto hukosa hewa. Kizazi chenyewe kinaweza kupasuka. Sisi tukimwongezea mzazi uchungu kwa dripu, tunahesabu matone na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kikombe hakina kipimo, na kikishanyweka hakifungwi kama dripu. Kama tayari amekunywa, mwambieni mkunga. Hilo litabadilisha namna tunavyomwangalia.

Kinachosaidia ni vitu vya kawaida. Tembea. Kunywa uji, maji, chai. Kula kidogo kama mkunga hajakuzuia. Nenda msalani mara kwa mara, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Ukichoka lala ubavu, na anayekusindikiza akusugue kiuno. Usisukume kabla hujaambiwa njia imefunguka yote, hata ukisikia hamu. Na ukitaka kulia, lia. Tumelelewa kuambiwa "jikaze", lakini kilio si utovu wa adabu, na mkunga anayemkaripia mzazi kwa kulia anakosea.

Je, uende hospitali lini? Tunafundisha: uchungu ukija kila dakika 5, ukidumu kama dakika 1, kwa muda wa saa nzima. Ila anayekaa Chanika, Mbagala au ng'ambo ya Kigamboni asisubiri hesabu hiyo itimie, kwa foleni tunazozijua. Dereva wa bajaji au teksi atafutwe wiki kadhaa kabla, namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Dharura ikizuka na usafiri hakuna, piga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, bila malipo.

Usisubiri hesabu yoyote, iwe usiku au mchana, chupa ikipasuka, hasa maji yakiwa ya kijani, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, ukiwa na homa, au uchungu ukianza kabla ya wiki 37.

Ukipimwa ukaambiwa urudi nyumbani, usiondoke kimya. Uliza mapigo ya mtoto yakoje na dalili gani zikurudishe. Kama kwenu ni mbali, sema, uombe mahali pa kusubiri. Ni haki yako kuuliza.

Kuanzia sentimita 5 mambo hushika kasi. Kusukuma kwa mzazi wa kwanza kunaweza kufika saa 3, ingawa wengi humaliza mapema. Mtoto akitoka utachomwa sindano ya kukaza kizazi, naye atawekwa kifuani mwako anyonye ndani ya saa ya kwanza. Hata kama wote mko salama, kaa hospitali walau saa 24. Khanga ikilowa damu haraka katika saa hizo, mwite mkunga papo hapo, hata kama mtoto ndiyo kwanza amesinzia kifuani.