Je, wajua kwa nini gari la stendi "linaondoka sasa hivi" halafu haliondoki?

Umefika stendi ya Moshi asubuhi, unakwenda Marangu. Hata geti hujalimaliza, mtu ameshakudaka begi. "Marangu, dada? Marangu Mtoni hii hapa, moja tu inaondoka!" Unachungulia ndani. Kweli, Hiace imejaa, imebaki siti moja ya nyuma kabisa, dereva yuko kwenye usukani na injini inanguruma. Unajibana, unapakata begi lako. Baada ya dakika tano jamaa wa dirishani anashuka kununua vocha na harudi. Wa pili anamfuata. Kufumba na kufumbua mmebaki sita, injini imezimwa, dereva yuko kibandani anakunywa chai.

Wale walioshuka hawakuwa wasafiri. Ni vijana wa stendi, wamekaa mle ili gari lionekane limejaa. Wengi wetu tukishagundua mchezo tunaishia kusema wapiga debe ni waongo, basi. Uongo upo, sikatai. Ila nyuma yake kuna hesabu, na ukiifuata unaielewa stendi nzima.

Madereva na makonda wengi wa daladala na Hiace hawana mshahara wa mwezi. Jioni wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi walichokubaliana, na kiasi hicho chenyewe ndicho kinaitwa "hesabu". Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho wanachokwenda nacho nyumbani. Sasa chukua namba za mfano tu: gari lina siti 15 na nauli ni shilingi 1,000. Likijaa, zinapatikana 15,000. Toa 6,000 za mafuta, toa 2,000 za ushuru wa stendi na mpiga debe, zinabaki 7,000. Gari hilo hilo likiondoka na watu 10, mafuta ni yale yale na ushuru ni ule ule, na kinachobaki ni 2,000. Abiria wamepungua kwa theluthi moja, lakini mfuko umepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Na hapo tajiri hajapewa chake. Watu kumi wa kwanza wamelipia safari, ugali unaletwa na wale watano wa mwisho.

Wala konda hawezi kufidia siti tupu kwa kupandisha bei. Nauli za daladala na mabasi Tanzania hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyorithi kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2019. Bei ikishafungwa, kitu pekee anachoweza kukiongeza ni vichwa. Ndiyo maana stendi abiria anaitwa kichwa, hata awe mheshimiwa wa namna gani.

Utasema: si aokote watu njiani? Anaokota, sana tu. Lakini wa njiani ni bahati, na wengi wao wanalipia kipande. Anayepanda katikati ya njia na kushuka Himo, kabla ya kufika Marangu, hawezi kulinganishwa na anayekwenda mpaka mwisho wa ruti.

Hiyo inaeleza kwa nini gari linasubiri. Haijaeleza kwa nini linadanganya. Hapa lawama inarudi kwetu abiria. Kila mmoja wetu anataka awe wa mwisho kupanda, maana anayepanda wa mwisho hasubiri. Tukiona magari mawili, moja lina watu kumi na mawili na jingine lina watu wawili, tunakimbilia la kwanza. Lile tupu linakimbiwa kwa sababu ni tupu, na linabaki tupu kwa sababu linakimbiwa. Ukisema magari yapakie kwa foleni, hilo lipo, ila halimalizi tatizo. Anayekwenda Himo anaweza kupanda gari la Marangu, la Rombo au la Holili, yote yanapita pale. Foleni ni ya ruti, abiria ana macho. Kwa hiyo anatafutwa mtu wa kuvunja mkosi wa siti tupu, na mtu huyo ni kijana asiye na safari, ambaye atashuka kimya kimya kadiri vichwa halisi vinavyoingia. Sehemu nyingine hupewa chochote, sehemu nyingine ni kupokezana tu: leo nimekukalia, kesho utanikalia.

Mpiga debe mwenyewe analipwa kwa gari alilolijaza, si kwa mwezi. Debe ni lile bati la mafuta ya taa lililogeuka kipimo cha mahindi sokoni, na neno lenyewe lina asili ya Kihindi. Ukilipiga likiwa tupu linasikika mtaa wa pili, na wahenga walishaliona hilo waliposema debe tupu haliachi kuvuma. Siku hizi hakuna anayeshika bati, ubavu wa gari unatosha, lakini jina limebaki, na limepanda hadi kwenye siasa, ambako mtu "anampigia debe" mgombea. Kupiga kelele za stendi si jambo dogo katika lugha yetu. Hata daladala, kama inavyosimuliwa, jina lake lilitokana na makonda waliokuwa wakiita "dala! dala!", yaani shilingi tano, nauli ya wakati huo. Majirani zetu Kenya nao wana matatu, kutokana na zile senti kumi tatu za nauli ya zamani. Magari ya nchi mbili yamebatizwa kwa nauli zake.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kile kinachoota ndani ya kusubiri huko. Mtu aliyekwama siti ya nyuma kwa dakika arobaini ni mteja asiye na pa kukimbilia. Dirishani kwake linapita beseni la mayai ya kuchemsha na kachumbari, linapita boksi la maji baridi, karanga, soksi, chaja, dawa ya panya, gazeti ambalo kichwa chake cha habari kinasomwa bure. Pembeni kuna mama lishe, fundi viatu, choo cha kulipia, wakala wa kutuma fedha. Magari yangekuwa yanaondoka kila baada ya dakika mbili, nusu ya watu hao wangekosa riziki. Na kuna kazi nyingine isiyoandikwa popote: posta ya konda. Ndizi za bibi, dawa, sare za shule, hata funguo iliyosahaulika hufungwa kwenye mfuko, huandikwa namba ya simu na kukabidhiwa konda. "Kuna mtu atapokea Himo." Na kweli mzigo unapokelewa.

Ndiyo maana stendi ikihamishwa, kelele haziwi za wasafiri peke yao. Dar es Salaam mabasi ya mikoani yalikuwa Kisutu, katikati ya mji, yakasogezwa Ubungo, kisha yakapelekwa Mbezi Luis, kwenye kituo kilichozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la Rais Magufuli. Basi lilihama na matairi yake. Mwenye kibanda cha chipsi ilibidi aanze upya, atafute eneo, ajuane na wateja.

Mabasi hayo ya mikoani, hata hivyo, hayasubiri kujaa kama Hiace ya Marangu. Yana ratiba na tiketi hukatwa mapema, kwa hiyo siti tupu ni hasara ya kampuni, si muda wako wewe. Mwendokasi nao, yaani mabasi ya haraka yenye njia zake, tangu ulipoanza Dar mwaka 2016, abiria analipa kabla ya kupanda na dereva hana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Ukijaa, hauna habari. Usipojaa, hauna habari vilevile. (Kwamba unajaa mno, hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Mchezo wa abiria bandia unakufa pale siti zinapokuwa adimu. Jioni Kariakoo nani atamweka kijana akalie siti wakati watu wanaingilia madirishani? Hapo abiria ndiye anayebuni ujanja: anapanda gari likiwa bado linakuja mjini, analipa nauli mara mbili, na "anageuza nalo" ili mradi arudi nyumbani amekaa. Moshi hali hiyo inakuja Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Wiki hiyo mpiga debe anapiga debe kwa mazoea tu.

Siku za kawaida, jinsi ya kumtambua abiria bandia si siri. Hana mzigo. Amekaa karibu na mlango, mguu mmoja nje. Konda akikusanya nauli anamruka, na anamwita kwa jina la utani. Lakini mimi siangalii hata hayo. Namwagiza mama wa chai. Akinimiminia kwenye kikombe chake cha bati na kunipitishia dirishani bila wasiwasi, najua gari bado lipo sana. Siku akisema "malizia hapa hapa, kaka", nalipa na kukaa mkao wa safari.