Daktari, Mbona Hujamtundikia Mwanangu Dripu?

Mvua zinapoanza Tabora, mwezi Novemba hivi, chumba cha dharura hujaa watoto. Mtoto analetwa kwa pikipiki kutoka kijiji cha wilaya ya Sikonge au Uyui, amefunikwa kitenge, kifua kinawaka moto lakini ukimshika nyayo ni za baridi. Tunamchoma kidole kupima malaria, tunamwekea oksijeni, tunamchoma sindano. Mama yuko kimya kwa hofu. Anayesema ni bibi aliyemsindikiza: "Daktari, mbona hujamtundikia dripu?"

Swali hilo nalichukulia kwa uzito. Kwa watu wengi wa huku kwetu dripu ndiyo matibabu yenyewe. Chupa ikining'inia, ndugu wanashusha pumzi. Isipokuwepo, wanaona mgonjwa wao katelekezwa. Siwezi kuwalaumu, maana hata sisi madaktari tulifundishwa hivyo hivyo. Mtoto mwenye homa kali, miguu baridi na mapigo dhaifu, damu yake haizunguki ipasavyo. Basi mpe maji mengi kwenye mshipa, tena haraka. Mwongozo huo ulitokana zaidi na uzoefu wa hospitali za nchi tajiri, zenye vyumba vya uangalizi maalumu na mashine za kupumulia. Ulionekana wazi kiasi kwamba ni wachache waliofikiri kuna haja ya kuuchunguza.

Kati ya 2009 na 2011 ukachunguzwa, na ukachunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwetu ikiwa ile ya Teule, Muheza, mkoani Tanga, zilishiriki utafiti uitwao FEAST ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja: kundi moja maji ya chumvi, jingine maji yenye albumini, protini ya damu. Kundi la tatu halikupewa maji hayo ya haraka, lilipata maji ya kawaida taratibu. Matibabu mengine, yaani dawa ya malaria, antibayotiki, na damu kwa aliyeishiwa, yalikuwa kwa wote.

Saa moja ilipopita, watoto wa maji mengi walionekana wamepata nafuu zaidi. Mzunguko wa damu ulikuwa umerudi sawa kwa 43 kati ya kila 100, wakati kwa wale wasiopewa walikuwa 32. Daktari aliyesimama pembeni ya kitanda angeandika kwenye faili kwamba mtoto anaendelea vizuri, angewatuliza wazazi, angeenda kwa mgonjwa mwingine akiwa na moyo mweupe.

Ndani ya saa 48 hesabu ilikuwa imegeuka. Katika makundi yaliyopewa maji mengi walikufa watoto 10 na zaidi kidogo kati ya kila 100. Katika kundi lisilopewa, 7. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama ilisimamisha utafiti kabla idadi iliyopangwa haijatimia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watafiti wenyewe walitarajia kinyume chake. Kwanza wengi walidhani maji yalijaa kwenye mapafu, lakini uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mishipa kushindwa kazi.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo. Tofauti ni watoto watatu katika kila mia. Hakuna daktari, hata awe na miaka thelathini kazini, angeweza kuiona tofauti hiyo kwa macho, kwa sababu kwa vyovyote vile watoto wengi walipona, na kwa vyovyote vile wapo waliofariki. Tungeendelea kutundika dripu kwa nia njema kabisa, mwaka hadi mwaka, na kila msiba tungeusingizia malaria. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema utafiti ni anasa ya hospitali kubwa za mijini.

Nisieleweke vibaya, kwa sababu hili nalo linaweza kuua. Watoto wanaoharisha na kukaukiwa maji hawakuwemo katika utafiti huo, wala wenye utapiamlo mkali au walioungua moto. Mtoto anayeharisha anahitaji maji. Mpe ORS nyumbani mara moja na umwahishe kituoni. Akizidiwa, dripu atawekewa na ni haki yake. Tunachokiacha ni kummiminia maji mengi kwa kasi kila mtoto mwenye homa na miguu baridi.

Kuna dripu nyingine iliyoondoka wodini kwa sababu ya utafiti, nayo ni ya kwinini. Wazee wanaikumbuka: chupa inayoshuka pole pole kwa saa kadhaa, masikio yakivuma. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwa kwinini walikufa karibu 11 kati ya 100. Kwa sindano ya atesunati, 8 na nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Kwa hiyo mzazi anayeona mwanawe kachomwa sindano tu, akadhani kapunjwa, mwanawe amepewa iliyo bora.

Atesunati hiyo hiyo ipo pia ya kuweka njia ya haja kubwa, na kwa mkoa mpana kama wetu naithamini sana. Kutoka Kaliua mjini hadi Tabora mjini ni zaidi ya kilomita 100, na kuna vijiji vilivyo mbali kuliko Kaliua yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2009, uliofanyika Bangladesh, Ghana na Tanzania, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliochukua zaidi ya saa sita kufika kituoni, dawa hiyo ikitolewa kabla ya safari ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa nusu. Lakini ni dawa ya kuvushia njia tu. Mtoto akichangamka baada ya kuwekewa, msikatishe safari.

Jicho hutudanganya hata kwenye chumba cha kujifungulia. Damu inayoloweka shuka ni vigumu kuikadiria. Mwaka 2023 yalitoka matokeo kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, zilizohudumia wanawake zaidi ya 210,000. Nusu ya hospitali hizo zilianza kutumia plastiki yenye alama za vipimo inayowekwa chini ya mama kukusanya damu, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara tu damu inapozidi. Hospitali hizo zilitambua tatizo kwa wanawake 93 kati ya 100 waliokuwa nalo. Nyingine, karibu 51 tu. Kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo, kwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari, jamani!

Sasa hofu ninayoisikia mara nyingi: "Mnatufanya panya wa majaribio." Haitoki hewani, na mtu aliyeshika mtoto anayezimia ana haki ya kuwa nayo. Utafiti wa tiba nchini lazima upitishwe na kamati ya maadili, na idhini ya kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Dawa ikihusika katika majaribio, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo huhusishwa. Kura hupigwa pale tu ambapo kwa kweli hatujui lipi ni bora. Kwenye dharura, ambapo kusoma karatasi ndefu kungechelewesha tiba, kamati inaweza kuruhusu mzazi aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, kisha aelezwe kwa kina na kutia saini mtoto akishatulia. FEAST ilifanya hivyo. Ukikataa, unatibiwa kama kawaida. Ukikubali kisha ukabadili mawazo, unajitoa, na hakuna wa kukununia.

Siku moja nilimweleza bibi mmoja habari ya watoto wale wa dripu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wazazi wao walirudiwa kuambiwa, mwanangu?" Tangu siku hiyo nashikilia kwamba mtafiti yeyote anayekuja kwetu arudi na majibu, ayaseme kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji na si ukumbini mjini peke yake. Mtu aliyetoa mwanawe kwenye kura anadaiwa angalau hilo.

Na kuna jambo moja ambalo ndugu wa mgonjwa analijua kuliko sisi: saa. Dawa ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu damu ianze kuvuja, na kila dakika 15 zinazopotea faida yake hupungua kwa takriban asilimia 10. Mkifika mlangoni, kabla hata hatujawauliza, tuambieni ajali ilitokea saa ngapi, damu ilianza saa ngapi, degedege lilimshika saa ngapi, zahanati walimpa dawa gani, na mtupe karatasi ya rufaa. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga aliyezidiwa, pigeni 115 bila malipo, mpelekewe usafiri wa m-mama. Kama hamna saa, semeni ilikuwa wakati ng'ombe wanarudi. Muuguzi ataiandika hivyo hivyo, kisha tutaikokotoa.