Doa jeusi kwenye eksirei ya jino sio lazima liwe usaha

Kuna hii imani ya miaka mingi kwamba ukionekana weusi kwenye ncha ya mzizi basi jino limekufa, ling'olewe tu. Hapana jamani. Kwenye taya la chini, karibu na mizizi ya magego madogo, kuna katundu ka kawaida kabisa, karibu kila mtu anako, mshipa wa fahamu unatokea hapo kwenda kidevuni na mdomo wa chini, na kwenye picha kanatoka keusi kama ugonjwa vile. Daktari makini anapima jino kwa baridi kwanza kuona kama bado liko hai, akibaki na shaka anapiga picha ya pili mashine ikiwa imesogezwa pembeni kidogo, doa likihama kwenye mzizi ni tundu, likiendelea kung'ang'ania ncha ileile hapo ndo kuna kesi. Mimi kung'olewa kwa picha moja, sikubali.