Si kila chachu huozesha matunda

Katika soko la Kadutu, Bukavu, utasikia kwamba chachu yoyote, yaani kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, iliyo juu ya ganda la tunda ni mwanzo wa kuoza, kwa kuwa ndiyo inayochachusha maji ya ndizi yakawa kasiksi, pombe ya ndizi. Imani hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Adui mkubwa wa chungwa lililovunwa ni ukungu wa kijani, Penicillium digitatum, unaopenya kwenye mkwaruzo wa kucha au wa kikapu, ukalainisha ganda, kisha ukaacha vumbi la kijani linalopeperuka tunda linapoguswa. Chachu kama Candida oleophila na Metschnikowia pulcherrima hukaa katika mkwaruzo huohuo na kula sukari upesi, hata ukungu ukakosa chakula na nafasi. Hiyo ya pili huunyima hata madini ya chuma.

Viwandani, chachu hizi hukuzwa katika matangi yenye hewa na sukari, hutenganishwa na maji, kisha hukaushwa kwa uangalifu ili zisife. Mtumiaji huzikoroga majini na kuchovya matunda mara baada ya kuchuma, kwa maana tunda ambalo ukungu umekwisha kulishika haziliponyi. Hamira ya mkate, ingawa nayo ni chachu, haikuchaguliwa kwa kazi hii.