Uvimbe wa aota wenye maambukizi: usidanganywe na udogo wake

Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, huweza kutanuka na kutokeza uvimbe pale ukuta wake unapoliwa na vijidudu. Jina la uvimbe huo ndilo linaloanza kupotosha. Mwaka 1885 William Osler aliuita uvimbe huu wa "kuvu" kwa mwonekano wake, na hadi leo wapo wanaodhani unaletwa na fangasi. Fangasi ni nadra. Wahusika wakuu ni bakteria, hasa stafilokokasi na salmonela, wanaosafiri kwenye damu na kung'ang'ania ukuta wa mshipa uliokwisha kuchakaa.

"Haujafika sentimita 5.5, tusubiri." Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi. Kipimo hicho cha kuamua upasuaji ni cha wanaume wenye uvimbe wa kawaida, unaokua polepole kwa miaka. Wenye maambukizi huweza kutanuka ndani ya siku chache, na hupasuka ungali mdogo. Kwenye picha ya CT ya mishipa usitazame upana tu. Tafuta kifuko kilichotokeza upande mmoja wa aota, kingo zake zina mabonde mabonde, nyama zinazokizunguka zimevimba, pengine kuna viputo vya hewa. Mgonjwa akiwa na homa na maumivu ya mgongo, na kifuko kikabadilika umbo kati ya picha mbili za wiki moja, usingoje ushahidi mwingine.

Damu isipootesha kitu maabara, je, hakuna maambukizi? La. Wengi huwa wameshameza antibiotiki kabla ya damu kuchukuliwa.

Na dawa peke yake kwa kawaida haitoshi. Homa hushuka, lakini ukuta ulioliwa haujijengi upya. Daktari wa upasuaji hukata sehemu iliyooza mpaka afikie nyama nzima, kisha huunga mshipa mwingine: vena ya paja la mgonjwa mwenyewe, aota ya marehemu iliyohifadhiwa kwenye baridi kali, au mshipa bandia uliolowekwa antibiotiki ya rifampisini. Halafu huvuta ule utando wa mafuta wa tumboni, wenye damu nyingi, akafunika nao mshipa mpya kama blanketi.

Wapo wanaoapa kwamba stenti yenye kitambaa, yaani bomba linalopitishwa ndani ya mshipa bila kufungua tumbo, haifai kabisa penye usaha. Hofu yao naielewa, maana kitu kigeni kinabaki katikati ya vijidudu. Lakini kwa anayevuja damu, au asiyehimili kufunguliwa tumbo, huokoa maisha, na kwa baadhi imekuwa tiba ya kudumu. Antibiotiki zisikatizwe: wiki 6 kwa uchache, mara nyingi miezi, kwa wengine maisha yote. Homa ikirudi, picha ipigwe siku hiyo hiyo.