Mchoraji "aliyesomea kiklasiki" maana yake nini?

Ukikuta mchoraji kaandikwa kasomea kiklasiki, anachora vitu vya mezani, ndani ya nyumba na mandhari, usidhani wanamaanisha picha za kizamani au za bei mbaya, hapo inaongelewa shule aliyopitia, na hiyo shule kusema kweli ni ya mateso.

Mwanafunzi hagusi rangi mwanzoni. Anakopi michoro kwa penseli au mkaa, wengi wanatumia kozi ya wachoraji Charles Bargue na Gérôme iliyotoka Ufaransa kati ya 1866 na 1871 (hata Van Gogh aliipigia mazoezi), akimaliza anawekewa sanamu nyeupe ya plasta, pengine mguu tu, anakaa nayo wiki na wiki. Karatasi inasimamishwa sambamba na sanamu, yeye anarudi nyuma hatua kadhaa, anaangalia, anapima na uzi, anasogea anaweka mstari mmoja, anarudi tena nyuma, akikosea sentimita moja anafuta. Baadaye ndio anachora mtu halisi, kisha rangi, nazo zina masharti: tabaka la chini jepesi lenye tapentaini, la juu lenye mafuta zaidi, ukigeuza mpangilio huo, picha inakuja kupasuka.

Mafunzo haya nusura yafe karne ya 20 vyuo vilipohamia sanaa ya kisasa. Mchoraji Mmarekani Paxton alisoma kwa Gérôme Paris, akamfundisha mwenzake Gammell, Gammell akamfundisha Richard Lack aliyefungua studio Minneapolis 1969, na Daniel Graves aliyepita kwa Lack akaanzisha chuo Florence 1991. Ndio maana hawa watu wanapenda kutaja walisoma kwa nani, kama masheikh tu.

Sasa hivyo vitu vya mezani, matunda na chupa, vinatoka wapi? Zamani hiyo ilikuwa kazi ya chini, mwandishi wa sanaa Mfaransa, Félibien, mwaka 1667 alipanga picha kwa vyeo, matukio ya historia juu kabisa, matunda na maua mkiani. Halafu 1728 mchoraji Chardin akaingia akademia ya sanaa ya mfalme wa Ufaransa na picha ya samaki taa aliyepasuliwa, ananing'inia na utumbo wake mwekundu, pembeni paka anakanyaga chaza, nenda kaitafute Google uone ile ngozi inavyong'aa. Mi naona hapo ndipo mchoraji anapojulikana, maana sufuria haina stori ya kukuficha, kivuli kikikosewa kinaonekana.

Ila ukifuata mafunzo yao mtandaoni kuwa makini na dirisha la chumba cha kuchorea. Wanasema liangalie kaskazini kwa sababu kwao, Ulaya na Marekani, jua halipiti huko, mwanga unatulia siku nzima. Dar jua linakaa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo wewe fungua la kusini.