Kifusi cha tonado: nani analipa, nani anahesabu?

Jioni ya Jumapili, Mei 22, 2011, tonado, yaani kimbunga kikali chenye umbo la faneli, ilipita katikati ya mji wa Joplin, jimbo la Missouri, Marekani. Iliua watu zaidi ya 150 na kubomoa maelfu ya nyumba. Dhana nyingi kuhusu kifusi ukizipima na yaliyotokea pale hazisimami.

Dhana: Serikali kuu ya Marekani hulipa kila kitu.
Rais lazima kwanza atangaze janga. Baada ya hapo FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga, hubeba sehemu isiyopungua asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, na zilizobaki ni za jimbo na mji. Joplin ilipewa asilimia 90 kwa maeneo yaliyobomoka vibaya, lakini kwa kazi iliyofanyika hadi Agosti 7 tu. Kila siku iliyopotea ilikuwa na bei.

Dhana: Jasho la wanaojitolea haliingii kwenye hesabu.
Linaingia, na inaniuma kuona miji ikilipoteza. Saa za kujitolea huweza kuhesabiwa kama mchango wa mji katika sehemu yake ya gharama, mradi ziandikwe: jina, mahali, kazi, saa ya kuanza na ya kumaliza. Joplin waliziandika, na mzigo wao ukapungua. Kijana aliyebeba matofali kutwa akaondoka bila kusaini, mji hauna cha kuonyesha.

Dhana: Lori likijaa, limejaa.
Makandarasi wengi hulipwa kwa yadi ya ujazo, yaani kwa nafasi ambayo mzigo unachukua, si kwa uzito. Kwa hiyo kila lori hupimwa likiwa tupu, likabandikwa namba na ujazo wake. Kwenye lango la dampo msimamizi hukaa juu ya mnara, akachungulia ndani ya bodi na kuandika kwenye tiketi limejaa kiasi gani: asilimia 80, asilimia 60. Matawi yaliyopakiwa ovyo huonekana mlima kumbe katikati ni hewa tupu. Msimamizi asipochungulia, mji unalipia hewa hiyo.

Dhana: Nina bima, kifusi cha uani hakinihusu.
Kama bima yako inalipia usafishaji, fedha za umma hazilipi mara ya pili. Na wafanyakazi wa mji hawaingii kiwanjani mwako bila kibali ulichosaini.

Dhana: Rundika vyote pamoja, vitazolewa.
Matawi husagwa. Friji lina gesi, rangi na betri zina sumu, na kuta za nyumba kuukuu huweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwa hiyo kila kimoja kina njia yake. Joplin ilikua kwenye machimbo ya zinki na ya risasi, madini yenye sumu. Hata baada ya malori kuondoka, udongo wa viwanja ulibidi upimwe risasi kabla ya watu kujenga upya.